Wageni wa Saa Nne

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, Yussuph alishuka kwenye bodaboda huko Kisondela, mafungu mawili ya kamba yakiwa begani, akaelekea moja kwa moja kwenye stoo ya dawa ya kikundi cha wakulima cha Tupokigwe. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Mlango aliukuta uko wazi kiasi cha kupitisha mkono, na kufuli likining'inia kwenye pete, limefunguliwa. Alishangaa, maana alikuwa amelifunga mwenyewe saa mbili asubuhi.

Alipouvuta mlango, harufu kali ilimpiga usoni akarudi nyuma akikohoa. Akajifunika pua kwa kanzu, akachungulia tena. Binti mmoja alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kikielekea mlangoni, shavu lake likiwa limegandamana na udongo wa kizingiti. Nyuma yake dumu la dawa ya kuua wadudu lilikuwa limeanguka kutoka kwenye rafu na kumwagika lote.

Alikuwa Jenifer, mmoja wa wachambuaji wa parachichi. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikwisha kupoa.

Habari zilimfikia Ikupa Mwalwiba ofisini kwake Bulyaga, mjini Tukuyu, saa kumi na mbili kasoro. Ikupa alikuwa afisa programu wa mradi wa shirika moja la kimataifa, mradi uliokusudia kuwaondoa watoto kwenye kazi za hatari katika mashamba ya chai na parachichi wilayani Rungwe. Alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka kumi na mbili, kwanza Lusaka, kisha Kigoma, hatimaye akaomba mwenyewe kurudi kwao. Na siku hiyo hiyo alikuwa Kisondela. Aliwapeleka kwa Tupokigwe wageni watatu kutoka makao makuu. Walifika saa nne asubuhi, wakapokewa kwa ngoma na kwaya iliyokusanywa papo hapo, wakaonyeshwa meza za kuchambulia, wakala ndizi na nyama, na saa saba wakaondoka kwenda Mpuguso kuona vitalu vya miche. Wageni walikuwa wameandika kwamba hapakuonekana mtoto hata mmoja.

Usiku ule hakula.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwanamke mmoja alikuwa anamsubiri kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa Hadijah, mke wa Yussuph, mwuza vitambaa pale mjini. Alisema mumewe ameshikiliwa kituoni kwa mahojiano tangu jana, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo na ndiye aliyesema kakuta mlango wazi, jambo ambalo hapana aliyelithibitisha. Hakulia. Alisema tu kwamba Ijumaa mumewe aliondoka Kisondela saa tatu asubuhi, akaswali mjini, akakaa dukani kwake mpaka saa kumi akimsaidia kukunja vitambaa, halafu akaenda kununua kamba.

"Dada Ikupa," alisema, "nyinyi ndio mliotuletea hilo kufuli. Basi mtusaidie kujua nani alilifungua."

Ni kweli. Mradi ulikuwa umenunua kufuli lile miezi minne nyuma, kwa sababu watoto wa kijiji walikuwa wakiingia stoo na kuchezea madumu. Ikupa alifungua kabati akatoa hati ya makabidhiano. Lilikuwa na funguo tatu. Mmoja alipewa Yussuph. Wa pili alipewa Simon, msimamizi wa uchambuaji. Wa tatu alipewa mwenyekiti wa kikundi, mzee Asajile. Chini kabisa palikuwa na saini yake mwenyewe.

Saa nne alikuwa Kisondela pamoja na Sajenti Lukasi, mpelelezi wa kesi, mtu mpole aliyependa kuuliza swali moja na kungoja. Lukasi alimweleza alichosema daktari. Binti hakunywa sumu. Tumbo lilikuwa safi. Sumu iliingia kwa pumzi. Alikufa kati ya saa sita na saa tisa mchana.

Kijijini watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba labda binti alijifungia humo kwa hasira za mapenzi. Ikupa aliomba aone mlango kwa ndani. Stoo ilikuwa ya mbao, bati juu, bila dirisha. Karibu na bawaba ya chini mbao zilikuwa zimechongwachongwa, na ncha ya kisu cha kukatia maboksi ilikuwa imevunjikia humo. Kisu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na polisi. Pembeni palikuwa na maboksi yaliyokatwa vizuri na kupangwa, tisa, na la kumi limekatwa nusu.

"Mtu anayejiua hachongi mlango," Ikupa alisema.

Lukasi akaitikia kwa kichwa. "Wala hakati maboksi kwanza. Alifungiwa kwa nje. Na aliyemfungia akarudi kumfungulia, akamkuta hivyo, akaenda zake. Au Yussuph ndiye huyo, na mlango haukuwa wazi kama asemavyo."

Neno la Yussuph lilipata shahidi upesi kuliko walivyotarajia. Walimpata dereva wa bodaboda, kijana aitwaye Jackson, kwenye kijiwe chao cha njia panda. Alisema alipokata kona kuingia uwanjani aliuona mlango wa stoo uko wazi, na hata alimtania abiria wake kwamba stoo yake siku hizi haina mwenyewe. Hakuna polisi aliyekuwa amemwuliza. Na dukani kwa Hadijah majirani wawili walimwona Yussuph akikunja vitambaa hadi adhana ya alasiri.

Basi zilibaki funguo mbili.

Kila aliyeulizwa alimtaja Simon. Simon alikuwa na mdomo mchafu, na mwezi uliopita alimtoa Jenifer mezani mbele ya watu, akisema hataki watoto kwenye kazi yake. Siku ile, hata hivyo, Simon hakuonekana Kisondela. Alirudi Jumamosi saa tisa mchana na lori la kikundi, akashuka, na alipoelezwa alikaa chini palepale kwenye matope ya uwanja.

Alisema aliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri kupeleka parachichi Mbeya. Lukasi alipiga simu kwenye ghala la huko. Mpokeaji alithibitisha kwamba lori liliingia saa moja na nusu asubuhi, na kwamba Simon alilala huko akisubiri kushusha mzigo. Ufunguo wa stoo aliutoa kwenye fungu moja na funguo za lori. Ikupa alimwuliza kwa nini alimtoa Jenifer mezani.

"Kwa sababu yenu," Simon alijibu. "Mlituambia chini ya miaka kumi na nane marufuku kugusa dawa ya kuoshea matunda. Nilimtoa. Wiki ileile nikamkuta amerudishwa."

Nani alimrudisha? Simon alitazama pembeni, akasema yeye ni msimamizi tu, hapangi watu.

Ikupa alikuwa anaanza kuona jibu, na alitamani lisiwe hilo. Mzee Asajile alikuwa mtu wa kwanza kumpokea aliporudi Rungwe. Alimtembeza vijiji kumi na moja kwa miguu, akimtambulisha kila mlango kama binti yake aliyepotelea nchi za watu akarejea. Alikuwa mzee wa kanisa. Familia themanini na nne zilikuwa zikiuza matunda kupitia mikono yake, na hakuna hata moja iliyowahi kumlalamikia.

Jumapili walimzika Jenifer. Kabla ya ibada, Ikupa aliketi nyuma ya nyumba na Rahima, mwanamke aliyekuwa akichambua matunda meza moja na marehemu. Rahima alisimulia kwa sauti ndogo, akivuta nyuzi za mkeka. Ijumaa asubuhi walikuwa wanafanya kazi kama kawaida. Karibu saa tatu na nusu Jenifer alitoka kwenda kunawa, akarudi kuchukua kisu cha maboksi. Rahima alimwuliza anakwenda wapi.

"Alisemaje?" Ikupa aliuliza.

"Alisema ameambiwa akakate maboksi stoo, atulie huko, maana wageni wanakuja saa nne."

"Una hakika alisema saa nne?"

"Saa nne, dada. Hata nikamcheka. Nikamwambia wageni gani, mbona sisi hatujaambiwa."

Ziara ile ilikuwa ya kushtukiza. Wageni walitaka hivyo, na barua ya makao makuu ilisema hivyo: kikundi kisijulishwe kabla. Madereva waliambiwa njia wakiwa ndani ya gari. Hapakuwa na mtu Kisondela aliyejua siku, sembuse saa, isipokuwa mmoja. Alhamisi saa kumi na moja jioni Ikupa alikuwa amempigia simu mzee Asajile akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kesho saa nne watakuwa na wageni, wasije wakaaibika.

Pale msibani alimtafuta kwa macho. Mchungaji alipomwomba mzee Asajile aongoze sala ya kaburini, mzee alisema koo limemkauka, akampisha mwingine. Alisimama mwisho kabisa, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea.

Ikupa angeweza kunyamaza juu ya simu ile. Hakuna aliyeijua ila wao wawili. Lakini bila simu, maneno ya Rahima hayakuwa na uzito, na Yussuph angebaki ndani. Jumatatu saa mbili asubuhi alimweleza Lukasi yote, amesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Sajenti aliandika, kisha akauliza kama anaelewa kwamba yatafika kwa waajiri wake. Alisema anaelewa.

Saa nne na robo walimkuta mzee Asajile kwenye banda la kuchambulia, amekaa peke yake kwenye benchi. Kazi zilikuwa zimesimama kwa ajili ya matanga. Yussuph, aliyeachiwa asubuhi ile kwa dhamana, alikuja nao. Lukasi alitaka awepo. Mzee aliwaamkia wote kwa Kinyakyusa, akawataka radhi kwamba hakuna chai.

Lukasi alimwomba ufunguo wake wa stoo. Mzee akautoa kwenye mfuko wa shati bila kusita. Alipoulizwa mara ya mwisho aliutumia lini, alisema hakumbuki, labda wiki mbili.

Ikupa alikaa benchi la pili, wakatazamana.

"Baba," alisema, "Jenifer alimwambia mwenzake kwamba wageni wanakuja saa nne. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mimi saa hiyo nilikuwa bado Tukuyu. Niliyemwambia saa nne ni wewe peke yako."

Mzee akatazama nje, upande wa stoo.

"Yussuph alikuwa mjini, watu wamemwona. Simon alikuwa Mbeya na ufunguo wake. Na wewe, kwenye gari langu tukienda Mpuguso, uliniomba mara mbili nikushushe. Mara ya kwanza pale njia panda. Ukasema kuna kitu umekisahau. Mimi nikakuambia leo wewe ni wa wageni, hushuki. Ulikuwa umesahau nini?"

Kisha mzee akavua kofia akaiweka magotini.

"Sikumsahau," alisema. "Ningesema nimesahau ningekuwa na nafuu. Nilimkumbuka kila dakika."

Halafu akasimulia, na Lukasi hakumkatisha. Mama yake Jenifer, Agness, mchuma chai, alikuwa amemwendea mwezi mzima akimwomba. Binti aliacha shule kidato cha pili, bibi yake amelala kitandani, na akikosa kazi pale atakwenda Mbeya kufanya kazi za ndani kwa watu wasiowajua. Mzee aliona heri awe machoni pao. Akamrudisha mezani. Alijua kanuni, na Ikupa alijua kwamba anaijua, maana Ikupa ndiye aliyeiandika na kuipenda kwa ufupi wake: akionekana mtoto mmoja, kikundi chote kinaondolewa kwenye soko la mradi.

Simu ya Alhamisi ilipokuja, mzee alikusudia kumwambia binti asije kazini. Alituma ujumbe, haukufika, kwa sababu Jenifer aliamkia kisimani na kuja moja kwa moja. Saa tatu na nusu akamwona mezani. Barabara ilikuwa moja, na wageni walikuwa ndani yake. Mwaka uliopita waliwaficha watoto wawili kwenye migomba, na mgeni aliyetafuta choo nusura awakute. Basi safari hii akamtuma stoo, akamwambia akate maboksi, ni saa moja tu. Akafunga kufuli, kwa kuwa wageni hupenda kufungua milango.

"Hukufikiria dawa?" Lukasi aliuliza.

"Madumu yalikuwa yamefungwa, mwanangu. Nilifikiri ni chumba. Sikufikiria giza. Nadhani aliparamia rafu akitafuta pa kutokea."

"Wakati wa chakula ungeweza kwenda."

"Nilikwenda. Saa sita na nusu nilitoka kama naenda kujisaidia. Mgeni mmoja akanifuata na kamera, anataka kunipiga picha nikiwa na migomba. Tukapita mbele ya stoo ileile. Akaniuliza humo kuna nini. Nikamwambia dawa." Akaigeuza kofia magotini. "Kwaya ilikuwa inaimba. Sikusikia kitu. Naapa sikusikia kitu."

Waliporudi kutoka Mpuguso ilikuwa saa kumi. Alikataa soda, akaenda stoo karibu kukimbia, akafungua. Alimgusa shingo. Alikuwa bado na joto kidogo, au alijidanganya hivyo. Kisha akazisikia gari za wageni zikipiga honi kuaga, na miguu yake ikampeleka kwenda kuwapungia mkono. Baada ya hapo hakuweza tena kurudi.

Yussuph, aliyekuwa amesimama muda wote, ndipo aliposema. Hakupaza sauti.

"Mzee, nimelala siku tatu kwenye sakafu. Ulijua niko kule."

"Nilijua."

"Jana ulikuwa makaburini. Ulinyamaza."

"Nilisema moyoni, Yussuph hana hatia, watamwachia tu. Nilisema nikikiri, familia themanini na nne zinakwisha. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema moyoni." Akamgeukia Ikupa. "Mwanangu, usichukue lawama ya simu. Ulitutakia mema."

Ikupa alitaka kulipokea neno lile, na akaona kwamba hawezi. Alimwambia kwamba aliwataka wapendeze mbele ya wageni, na kwamba hilo si jambo moja na kuwatakia mema. Kwenye gari aliuona uso wa mzee umebadilika, akadhani ni uzee na barabara mbaya, akaendelea kuwaeleza wageni habari za miche. Angemwuliza swali moja tu kwa Kinyakyusa, mbele ya wageni wasioelewa, na gari lingegeuka. Daktari alisema mpaka saa tisa. Walipofika njia panda ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Lukasi hakumfunga pingu. Mzee aliomba aufunge mwenyewe mlango wa banda, akaufunga, akaingia kwenye gari la polisi na kukaa kiti cha nyuma, magoti pamoja, kama abiria.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Asajile alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Ikupa aliandika maelezo ya kurasa sita na kuyapeleka polisi na makao makuu, simu ya Alhamisi ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza. Makao makuu walimshukuru kwa uwazi wake na kumsimamisha kazi. Kikundi cha Tupokigwe kiliondolewa kwenye mradi kwa kanuni ileile fupi. Barua ya kuomba ifutwe ilikuwa kazi yake ya mwisho pale Bulyaga, na hakujibiwa. Siku moja alipita dukani kwa Hadijah. Hadijah alimkaribisha vizuri, akampa kiti, lakini Yussuph alisalimia akatoka nje.

Wiki ya pili alipanda kwa miguu hadi kwa Agness. Alimkuta jikoni akimenya ndizi, bibi kizee amelala ndani na mlango wazi ili aone moto. Ikupa alimweleza kwa Kinyakyusa kwamba amekuja kumsomea maelezo yake, ayajue kabla hayajasomwa mahakamani na watu wengine. Agness akaendelea kumenya. Akasema soma.

Alisoma kurasa zote sita, akitafsiri anapokwenda. Sentensi ya simu aliisoma mara mbili. Agness hakuuliza lolote kuhusu simu wala kuhusu wageni. Alipomaliza, mama yule alifuta kisu kwenye kanga, akanyoosha kidole kwenye karatasi, ingawa hakujua kuisoma.

"Hapo mwanzo umesema miaka kumi na sita."

"Ndiyo, mama."

"Alitimiza kumi na saba Jumatano ile. Nilimpikia kuku." Akachukua ndizi nyingine. "Uandike kumi na saba."

Ikupa akatafuta kalamu kwenye mkoba. Alikata namba ile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kumi na saba, akaweka saini pembeni na tarehe, kama inavyotakiwa.